Siku Tatu Bila Maji

Kila asubuhi nyumbani kwetu Gorno Bukovo ilianza na makamasi ya Babu. Ndivyo mimi na Yordana tulivyoyaita, na Bibi alitukemea kila mara. Bibi Stoyna aliwasha jiko la kuni kabla hatujaamka, akamimina maji ya moto kwenye kikombe cha bati, akatia kijiko kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa, akakoroga na kukiacha kikombe dirishani. Tulipokwisha kuwapa mbuzi majani makavu na kurudi ndani tukipuliza vidole kwa baridi, yale maji yalikuwa yameshakuwa mazito, yanavutika kama ute wa yai. Babu Dimo aliyanywa yote kwa mkupuo mmoja, akajipangusa masharubu, kisha akaenda zake chooni nyuma ya nyumba.

"Babu, yameshuka?" Yordana alimuuliza huku akikunja uso.

"Yameshuka na yanafanya kazi yake," alijibu Babu. "Nina miaka sabini na minane, na sijawahi kumeza kidonge cha tumbo. Wewe endelea na mkate wako mweupe."

Yordana ni binti wa baba yangu mkubwa, Kolyo, anayeendesha lori la magogo. Mimi ni Milka. Wazazi wangu walikuwa Hispania wakichuma stroberi, kwa hiyo tulilelewa pamoja, tukilala kitanda kimoja na kugombania blanketi moja. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na miwili, na mwaka huo mmoja aliutumia kama fimbo. Hakupenda maharage, hakupenda kabichi, hata tufaha alilimenya ganda. Alipenda mkate na jibini, basi.

Jumatatu ninayoisimulia ilikuwa ya kwanza ya Kwaresima, ambayo kwetu Waorthodoksi huanza siku hiyo. Jana yake tulikuwa tumemaliza mayai na jibini ya mwisho. Kijijini kwetu wanawake na wasichana wenye moyo mgumu hufunga Siku Tatu: tangu Jumatatu hiyo hadi Jumatano jioni hawaonji punje, hawanywi tone. Jumatano jioni huenda kanisani, kisha hurudi nyumbani kula supu ya maharage na jozi. Si lazima, na watoto hawahesabiwi.

"Nyie mwisho wenu saa sita mchana," Bibi alituambia asubuhi ile. "Mkishasikia kengele ya shule, mle."

"Lakini wewe Bibi ulimaliza zote tatu ukiwa na miaka kumi na mmoja!" alisema Yordana. "Umetuambia mara ngapi?"

Bibi alinyoosha mgongo. Hadithi hiyo aliipenda sana. Kila Kwaresima aliisimulia pale kwenye bomba la maji la kijiji, na wanawake wenzake walitikisa vichwa kwa heshima.

"Nilimaliza, ndiyo," alisema. "Lakini watoto wa siku hizo walikuwa wengine."

"Watoto wa siku hizi wana nini? Nikimaliza utanipa nini?"

Bibi alifikiri, kisha akaonyesha kwa kidevu sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa mama yake, wenye bizimu mbili kubwa za fedha. Hakuna aliyeuvaa tangu harusi ya shangazi.

"Atakayemaliza atauvaa Pasaka, kwenye ngoma ya uwanjani. Haya, tuone."

Babu aliguna, akasema watoto hawachezewi hivyo. Bibi akamwambia anywe makamasi yake anyamaze.

Jumatatu tuliimaliza kwa kuangaliana tu, kama majogoo. Shuleni tulikaa mbali na meza ya chakula, na usiku hakuna aliyetaka kulala wa kwanza. Jumanne mambo yalikuwa mengine. Mate yalikauka, ulimi ukanata juu ya kinywa, na kila mwalimu alipoandika ubaoni niliona herufi zinacheza. Tukiwa tunarudi nyumbani nilijifanya kamba ya kiatu imefunguka. Yordana alitangulia. Nikazunguka nyuma ya kinu cha zamani, nikachota theluji safi kwa mikono miwili, nikaitia kinywani. Loo! Ilikuwa tamu kuliko asali. Nikachota tena, na tena.

"Nimekuona!"

Yordana alikuwa amesimama kwenye kona ya kinu, mikono kiunoni, anacheka.

"Theluji si maji," nilisema, na ndevu za barafu zikinidondoka kidevuni.

"Thubutu! Mwambie Bibi hivyo hivyo, tuone atasemaje. Mkanda ni wangu, shoga."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zangu. Nusu saa baadaye niliingia stoo kuchukua nafaka ya kuku, na huko nikamkuta yeye. Alikuwa amechutama kati ya magunia, kopo la kitani la Babu mapajani, kijiko mkononi, mashavu yamevimba. Alikuwa anatafuna ule unga mkavu mkavu, macho yamemtoka pima kwa kujitahidi kumeza.

"Ala! Kumbe na wewe?"

Alikohoa hadi unga ukaruka. "Hiki si chakula," alisema alipoweza kusema. "Hiki ni dawa. Bibi mwenyewe anakiita dawa. Dawa haivunji mfungo."

"Tangu lini unakula?"

"Jana jioni. Vijiko viwili, vitatu. Kinajaza tumbo, Milka, husikii njaa kabisa."

"Si ungekoroga na maji basi, kama Babu?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aibe kanisani. "Nivunje mfungo kwa maji? Una wazimu? Maji ndiyo yenyewe! Mimi sijanywa hata tone tangu juzi. Wewe ndiye uliyekunywa."

Hapo tukabaki tunatazamana. Mimi nilikuwa na siri yake, yeye alikuwa na yangu. Alininyooshea kidole kidogo, nami nikakishika kwa kidole changu, tukaapa kwamba hakuna atakayemwaga mchele. Nilidhani nimefanya biashara nzuri. Mjinga mimi.

Jumatano asubuhi alikula tena kabla ya shule. Darasani, saa nne, nilimwona ameinamia dawati lake. Nilidhani anasinzia. Mwalimu alipomgusa bega, alinyanyua uso mweupe kama chokaa, akasema anaumwa tumbo. Kisha akatapika kitu cha kijani kwenye sakafu, na darasa zima likapiga kelele.

Bibi alipokuja kumchukua alikuwa bado hajashtuka. "Ni njaa hiyo," alisema. "Tufungue sasa hivi, mkanda utauvaa hata hivyo, mjukuu wangu, umejitahidi." Nyumbani alimpakulia supu ya maharage yenye moto, akampa na glasi ya maji. Yordana alikunywa mafunda mawili na yote yakarudi. Tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Bibi alilibonyeza kidogo tu, Yordana akapiga ukelele uliomfanya Babu aangushe fimbo yake.

Muuguzi wa kijiji alikuja mbio akiwa na aproni ya jikoni bado kiunoni. Alimpima, akambonyeza huku na kule, akanyanyuka bila tabasamu.

"Kolyo yuko wapi? Awashe gari. Huenda ni kidole tumbo, huenda ni utumbo umejisokota. Mimi hapa sina la kufanya."

Baba mkubwa alituendesha hadi mjini kwa gari dogo la jirani. Barabara ya mlimani ilikuwa imejaa theluji, na kwenye kila kona gurudumu la nyuma liliteleza kuelekea bondeni. Mbele alikaa Bibi, akipiga ishara ya msalaba bila kupumzika. Nyuma nilikaa mimi, kichwa cha Yordana mapajani mwangu. Kila gari liliporuka shimo alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikiniingia.

"Milka," alininong'oneza. "Usiseme."

"Yordana, tumbo lako..."

"Ukisema, na mimi nitasema."

Nikanyamaza. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilinyamaza, kwa sababu ya theluji.

Hospitalini walimpeleka kupigwa picha mara moja. Daktari Cholakova, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alitoka na picha ile, akaiweka kwenye taa na kuitazama kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tumezunguka kitanda.

"Utumbo umeziba," alisema. "Siyo wote, hewa kidogo bado inapita, lakini kuna donge kubwa huku chini na sijui ni la nini. Binti, mara ya mwisho ulikwenda choo kikubwa lini?"

Yordana aligeukia ukuta. Huyu ni msichana ambaye hata neno choo hakulitamka mbele za watu.

"Ijumaa," alisema kwa sauti ndogo.

"Na umekula nini tangu Jumapili?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Hajala kitu, Daktari. Siku tatu. Hajala punje, hajanywa tone. Nimemlea vizuri mimi."

"Hakuna kabisa?" Daktari alimtazama Yordana juu ya miwani. "Nataka unijibu wewe. Hujala kitu? Hujameza kitu chochote? Kipande cha kitambaa, mbegu, dawa?"

"Hakuna," alisema Yordana.

Daktari alishusha pumzi. Alimwita baba mkubwa kando, lakini chumba kilikuwa kidogo na nilisikia kila neno. Alisema kwamba mtoto ambaye hajala kitu siku tatu hawezi kuwa na donge la chakula. Basi huenda ni uvimbe, au utumbo umejisokota, na utumbo uliojisokota huoza kwa saa chache. Ameshampigia simu daktari wa upasuaji, yuko njiani. Wakimpasua, watatafuta ndani palipoharibika, na huenda wakakata kipande. Kisha akampa karatasi ya kutia saini.

Baba mkubwa hubeba magogo ambayo wanaume wawili hawayawezi. Siku ile kalamu ilimshinda. Ilianguka mara mbili, akaiokota mara mbili.

Nilimtazama Yordana. Alikuwa ananitazama mimi, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, na bado anatikisa kichwa: usiseme. Kidole chake kidogo kilikuwa kimenyooka juu ya shuka. Hapo ndipo nikaelewa kwamba anaogopa uso wa Bibi kuliko kisu. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nikapiga moyo konde.

"Bibi," nilisema. "Mimi nilikula theluji."

Wote waligeuka. "Nini?" alisema Bibi.

"Jumanne, nyuma ya kinu. Nilikula konzi tatu za theluji. Nimevunja mfungo na nikakudanganya, na Yordana alinikuta." Nilipolitoa hilo, nikaona kwamba sina tena cha kuogopa, na la pili likatoka lenyewe. "Na yeye amekula kitani cha Babu. Kile kilichosagwa. Tangu Jumatatu jioni, kikavu, bila maji. Kopo limebaki robo."

"Milka!" alilia Yordana.

"Nichukie!" nilimpigia kelele, na mimi nalia. "Nichukie ukiwa na utumbo wako mzima!"

Daktari Cholakova alikuwa ameshafika kitandani. "Vijiko vingapi? Usikadirie kwa kunifurahisha. Vingapi?"

Yordana alifumba macho. "Kumi na viwili. Labda kumi na vitano. Vile vikubwa."

"Na maji?"

"Hakuna, isipokuwa mafunda mawili leo. Nikayatapika."

"Mungu wangu," alisema Daktari, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Aliichukua ile karatasi mkononi mwa baba mkubwa. "Ngoja kwanza. Hili donge sasa nalijua jina. Hatumpasui bado."

Baada ya hapo kila mtu alikimbia. Walimtundikia dripu ya maji mkononi. Walimwingizia maji ya uvuguvugu kwa njia ya haja kubwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Daktari wa upasuaji alifika, akanawa mikono, akakaa tayari. Daktari Cholakova alituambia wazi kwamba atasubiri hadi saa kumi na mbili jioni. Donge likilainika na kutoka, vyema. Lisipotoka, au homa ikipanda, watampasua. Ilikuwa saa tisa.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Sijawahi kuona saa ya ukutani ikienda polepole namna ile. Baba mkubwa alitembea hadi dirishani na kurudi, hadi dirishani na kurudi. Bibi alikaa kando yangu, na mimi nilingoja kofi au laana.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," alianza ghafla, macho yake sakafuni. "Siku ya pili walinituma nikamnyweshe punda. Nikapiga magoti nikanywa naye, kwenye hori moja. Nilikunywa hadi nikatapika. Kisha nikarudi nyumbani nikawaambia kwamba sijaonja tone, na mama akanivika ule mkanda."

Nilimtazama kwa mdomo wazi.

"Miaka sitini na tatu, Milka, naisimulia hadithi ya uongo mbele ya watu. Wewe umeweza siku moja kusema nilichoshindwa maisha yangu yote. Ningesema, huyu mtoto asingekuwa mle ndani." Akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikamshika mkono.

Saa kumi na moja Daktari alitoka akatuambia homa haijapanda. Bibi alimshika koti. "Daktari, mume wangu anakunywa kitu hicho hicho kila siku, miaka ishirini. Kimemfaa. Kwa nini kimuue mjukuu wangu?"

"Kwa sababu mumeo anakunywa, na huyu alikitafuna kikavu." Aliketi nasi dakika moja. "Mmekiona kikombe cha babu kinavyokuwa? Kitani kina nyuzinyuzi za aina inayoyeyuka. Zikipata maji ya kutosha zinakuwa ute. Ute huo unalainisha choo, unapita taratibu, sukari ya chakula haiingii mwilini kwa pupa. Na kule chini, kwenye utumbo mpana, kuna bakteria wema, mamilioni kwa mamilioni. Wao wanaula ute huo, na wanachokitoa kinalisha ngozi ya utumbo wenyewe. Ndiyo maana babu yenu ana afya. Maharage yanazo, shayiri inazo, tufaha na plamu pia."

"Yordana hali hata kimoja," nilisema.

"Basi utumbo wake ulikuwa mvivu tangu zamani, haukuzoea, na ghafla ukapewa mzigo wa wiki mbili. Nyuzinyuzi hizo zina kiu kali, mwanangu. Zisipopewa maji kikombeni, zitayanyonya utumboni. Zinavimba, zinashikana, zinakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Kila kijiko ni glasi nzima ya maji, na mtu huanza na kidogo kidogo. Yeye alianza na kingi, na maji hakuweka."

Alinyanyuka kurudi ndani. Saa kumi na moja na dakika arobaini waliniruhusu nimsaidie Yordana kwenda chooni, mimi nikisukuma mti wa dripu. Alijifungia. Niliegemea mlango. Kulikuwa kimya, kisha mguno, kisha kimya tena, kirefu hivi kwamba niligonga.

"Yordana? Uko hai?"

Hakujibu. Korido nzima walikuwa wamesimama: Bibi, baba mkubwa, muuguzi mmoja, na mwanamke wa usafi aliyeegemea ufagio wake. Daktari wa upasuaji alichungulia kutoka chumbani kwake, akatazama saa.

Ndipo ikasikika sauti yake, yeye msichana ambaye neno lile hakulitamka hata mbele yangu tukiwa kitandani. Alipiga kelele zilizofika hadi ngazini.

"Nimekwenda! Milka, nimekwenda choo! Kingi!"

Baba mkubwa Kolyo alimkumbatia mwanamke wa usafi pamoja na ufagio wake, akalia kama mtoto. Bibi alikaa chini sakafuni palepale. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, hadi makamasi yakanitoka, yale ya kweli.

Walipomrudisha kitandani tumbo lilikuwa limeanza kulegea. Alinivuta mkono kwanza, akanishika kidole changu kidogo, lakini safari hii hakuapa kitu. Daktari Cholakova alimpa glasi ya maji, akamwambia anywe kwa mafunda madogo madogo, kisha akatugeukia wote.

"Nitawaambia jambo moja, na wewe bibi usikilize pia. Mfungo wa mtu mzima ni wake na Mungu wake, mimi simo. Lakini mtoto hanyimwi maji kwa ajili ya sifa. Na mtu anaweza kunidanganya mimi, ni rahisi sana, mimi ninajua tu ninachoambiwa. Leo nusura nimpasue binti huyu kwa sababu ya neno moja: hakuna. Neno lile lilikuwa la uongo, lakini kisu kingekuwa cha kweli."

Baba mkubwa alitazama mikono yake.

"Haya," alisema Daktari, akamwinamia Yordana. "Bado unaumwa?"

"Hapana," alisema Yordana upesi, kwa mazoea, kwa sababu alitaka kwenda nyumbani. Kisha akanitazama. Akamtazama Bibi. Akaivuta shuka chini taratibu, akaweka kidole upande wa kushoto wa tumbo lake.

"Ndiyo," alisema. "Hapa. Kidogo."

Daktari akavuta kiti, akakaa, akaweka mkono wake pale alipoonyeshwa.